Makofi Waliyoyakata

Juzi kijana niliyemfundisha darasa la nne, sasa ni mtu mzima mwenye kitambi chake, amenitumia ile filamu kwenye simu. Chini yake ameandika: "Shikamoo mwalimu. Hii kitu kali, imenitoa machozi." Nikaitupa simu kitandani. Imekutoa machozi! Wewe ulikuwa unanyonya wakati ule. Ungeuona mchezo wenyewe, ule wa jukwaani, ndiyo ungejua machozi yanatoka wapi.

Nina hasira na filamu ile miaka yote hii, na sioni haya kusema. Watu huniambia, mwalimu, hayo ya zamani achana nayo. Siachani nayo. Kila mtu aliyeiona anasema ni nzuri, picha zimetulia, ziwa linang'aa. Ziwa linang'aa, ndiyo! Ziwa letu linang'aa bila msaada wa mtu kutoka Dar.

Mchezo ulianza kabla ya filamu, pale mtaani kwetu Mwanga, jirani na Ujiji, kwenye ukumbi wa kanisa letu, miaka ile Warundi walipokuwa wanaingia kwa makundi, wengine kwa miguu kupitia milimani, wengine kwa boti. Ulikuwa mchezo wa nyimbo. Watu wanaongea kidogo, wanaimba sana. Kwaya ndiyo waigizaji. Ngoma tulipigiwa na vijana wa Kiislamu kutoka Ujiji, ambao mchungaji alianza kwa kuwanunia, akaishia kuwatunzia viti vya mbele. Maneno ya Kiswahili niliyaandika mimi. Nyimbo zenyewe zilitoka kwa mama mdogo.

Mama mdogo hakuwa ndugu yetu wa damu. Mama yangu alimkuta ufukweni Kibirizi asubuhi moja alipokwenda kununua dagaa. Amekaa mchangani, kitenge kimelowa, watu wanamruka kama gogo. Mama akamsalimia, akaja naye nyumbani, akamwita mdogo wake, na mimi nikamwita mama mdogo. Hakwenda kambini. Alikuwa anapanda milimani Kalinzi kulima kwenye mashamba ya kahawa ya watu, anarudi na udongo mpaka kwenye nyusi, na jioni anaimba huku anachambua maharage. Alikuwa na binti wa miaka sita. Walipoachana mikono kule upande wa pili, watu wakisukumana kupanda, mtoto aliingizwa boti nyingine. Boti hiyo ilifika wapi, hakuna aliyejua. Alishaandikisha jina la mtoto kwa watu wa kutafuta watoto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakimwona anakuja wanainama kwenye makaratasi.

Sasa lazima nieleze makofi, maana bila makofi hamtaelewa kwa nini nimekasirika hivi.

Kwetu, watu wazima wakikutana hasa baada ya kupotezana, hawarukiani shingoni. Mgeni anainama kidogo, anakunja viganja kama anakinga maji, anapiga makofi polepole, laini. Mwenyeji anaitikia hivyo hivyo. Makofi yanaendelea, na ndani ya makofi hayo ndimo habari zinamotolewa: umetoka wapi, nani mzima, nani hayupo, umekuja kwa lipi. Mtu hakati makofi mpaka mwenzake amemaliza la mwisho alilonalo. Na ukishaanza kupiga huruhusiwi kuficha. Yaani huo ndio utaratibu. Warundi wana makofi yao ya heshima, hayako mbali na yetu Waha, ndiyo maana pale mchangani mama yangu na mama mdogo walielewana kabla ya kuelewana maneno.

Na mchezo wetu wote ulikuwa unakwenda kuishia pale. Boti yetu jukwaani ilikuwa mabenchi ya kanisa yaliyopinduliwa miguu juu. Mawimbi yalikuwa vitenge vinne vya bluu, vimeshikwa na wanakwaya wanene wawili kila upande, wanavitikisa huku wanatoka jasho. Mama mdogo anashuka kwenye benchi, anaimba wimbo wa kuvuka, wimbo mrefu, beti tatu. Kisha ananyamaza. Mama yangu, anayeigiza mwanamke wa Kibirizi, yaani anajiigiza mwenyewe, anaweka chini ungo wa dagaa. Mama mdogo anaanza makofi. Mama anaitikia. Ukumbi mzima unaitikia, kwa sababu hakuna Mha anayeweza kusikia makofi yale akaweka mikono mfukoni. Na ndani ya makofi hayo mama mdogo anaimba ubeti wa nne.

Ubeti wa nne ndio ulikuwa wa mtoto. Kilima alichozaliwa. Rangi ya ng'ombe wa babu yake. Kovu la uji wa moto juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Na jina la utani ambalo lilitumika jikoni kwao tu, ambalo hakuna mtu wa makaratasi aliyewahi kuliandika, kwa sababu mtoto hakuwahi kuitwa hilo mbele ya wageni. Sitaliandika hapa. Si langu.

Mama mdogo hakuwa anaigiza pale, naomba ieleweke. Alikuwa anatafuta. Kila tulipoonyesha mchezo, alipomaliza ubeti ule alikuwa anaangalia watu safu kwa safu mpaka mlangoni. Mtoto wa umri ule hawezi kukumbuka sura ya mama yake miaka yote, alikuwa anasema, lakini jina la jikoni halisahauliki. Tulikuwa tunataka kuupeleka mchezo kambini, kambi zote, lakini kwaya ya watu thelathini na mabenchi utaipakia wapi? Hatukuwa na gari. Tulikuwa na mapafu tu.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Walitoka Dar, wametumwa na shirika moja. Mwongozaji alikuwa bwana mwenye kofia aliyoivaa hata ndani ya kanisa. Alikuwepo mpiga picha na kamera yake begani, na binti mwigizaji, mzuri kweli, sina ugomvi na uzuri wake. Mwongozaji alisema wameusikia mchezo wetu, wanataka kuufanya filamu, na filamu itazungushwa kambi zote kwa gari lenye jenereta na shuka kubwa jeupe.

Mama mdogo aliuliza swali moja tu. "Kambi zote?"

"Zote, mama," mwongozaji akasema.

"Na huko ng'ambo?"

"Mungu akijalia, na ng'ambo."

Akaniangalia, akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona anacheka mpaka macho yakafunga. Jioni ile hakuimba, alifua kitenge chake cha jukwaani, akakianika, akakikunja, akakikunjua tena.

Walirekodi mchezo ukumbini, Jumapili mchana. Mimi nilikaa jirani na mpiga picha ili nimweleze maneno ya Kiha na Kirundi. Siku iliyofuata mama mdogo akapanda Kalinzi kama kawaida, palizi haingoji filamu, na wao wakaenda kupiga picha za nje Kibirizi. Mimi nilikuwa shuleni. Mama alipita pale na ndoo yake, akarudi nyumbani anasonya.

"Wale watu wanakumbatiana," akaniambia.

"Nani wanakumbatiana?"

"Yule binti na mwanamke mwingine waliyemvalisha kama mimi. Anashuka botini, wanakimbiliana, wanakumbatiana, wanalia kama wamefiwa. Halafu wanarudia. Mara saba! Kwani wana nini?"

Ijumaa wakaondoka. Ikapita nusu mwaka. Madereva wa malori ya chakula wakaanza kutuambia kwamba filamu inaonyeshwa huko kambini, watu wanajaa, watoto wanapanda miti. Mama mdogo kila dereva alimuuliza: kuna mtoto wa kike aliyeuliza habari za wimbo? Hakuna, mama. Baada ya miezi ndiyo gari la sinema likafika Mwanga kutuonyesha sisi wenyewe kazi yetu.

Jamani. Niseme nini?

Jukwaani boti yetu ilikuwa mabenchi, lakini ulipoiona uliogopa maji. Kwenye filamu boti ilikuwa ya kweli, imepakwa rangi mpya, ina injini, na huyo mkimbizi wao anashuka na nywele zimesukwa jana. Watu ukumbini wakaanza. "Mkimbizi kapaka hina!" Mwingine akadakia, "Boti ya harusi hiyo!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa uchungu. Jukwaani mama mdogo hakutoa chozi hata moja, wenye kulia walikuwa wasikilizaji. Kwenye filamu binti alilia kuanzia mwanzo, tena chozi moja moja, limepangwa, linashuka mpaka kidevuni linasubiri lipigwe picha. Ngoma za Ujiji wamezitoa, wameweka kinanda. Kinanda! Nyimbo za Kirundi wamezigeuza Kiswahili cha hotuba. Mama yangu, aliyeweka ungo chini kwa namna ambayo ukumbi mzima ulikuwa unanyamaza, wamempa nafasi yake mwanamke anayerusha ungo hewani ili akimbie kukumbatia. Dagaa zote mchangani. Mama akasema kwa sauti, "Mwenye akili timamu anamwaga dagaa?" Hakuwa anatania. Alikuwa ameumia.

Mambo yote hayo ningeyasamehe. Filamu ni filamu, ina mambo yake. Jukwaani mtu mmoja anaweza kuwa ziwa zima, kwenye filamu lazima ulete ziwa. Naelewa. Nimesoma, mimi si mjinga.

Mama mdogo alikuwa amekaa kati yangu na mama. Wimbo wa kuvuka ulipoanza, binti akiuimba kwa sauti yake nyembamba, mama mdogo alinishika mkono. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Aliuminya mkono wangu mpaka vidole vikauma, maana sasa ndiyo makofi yanakuja. Binti akamaliza ubeti wa tatu, akakimbia, wakakumbatiana, kinanda kikapanda juu. Basi. Ikatokea sura ya bwana wa shirika amekaa mezani, anasema shirika linawajali wakimbizi. Alipomaliza ndipo tukayasikia makofi. Makofi yetu! Mikono ya mama yangu na ya mama mdogo na ya ukumbi mzima, yale yale laini, wameyachukua kipande kidogo wakayarudia rudia ili yawe marefu, na wamempigia yule bwana kwa hotuba yake. Majina yanapanda juu, makofi yanaendelea. Taa ikawashwa.

Mama mdogo aliuachia mkono wangu. "Wimbo wangu uko wapi?"

"Wameukata," nikasema.

"Umefika kambi zote hivi? Bila jina la mtoto?"

Nikalitazama lile shuka jeupe. Kisha akauliza kwa upole tu, kama anauliza bei ya chumvi, "Mwalimu, nani aliwaambia kwamba umeisha?"

"Hawakumuuliza mtu," nikasema. "Watu wa Dar hawaulizi."

Mama yangu akawatukana wote kwa Kiha, mwongozaji na kofia yake, mpaka mchungaji akamwomba akumbuke yuko wapi. Mama mdogo hakutukana. Alisimama akatoka, na kesho yake akapanda Kalinzi.

Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Niliandika barua kwa shirika, kurasa nne, kila neno lina meno. Niliwaambia wameiba, wamechinja, wameuza sura za watu. Niliwaambia kwa watu wa kwao makofi ni mwisho wa jambo, kwetu ni mwanzo wake, na mtu asiyejua hilo asishike kamera. Niliisoma barua ile mbele ya kwaya nzima wakanishangilia. Nikavimba kichwa.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi, ameandika mwongozaji mwenyewe. Fupi, na la adabu, ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema binti alijifunza wimbo kutoka kwenye kanda ya ukumbini, na kanda inaishia makofi yanapoanza. Hapakuwa na ubeti wa nne. Alisema mpiga picha alihakikisha kwa mkalimani wetu kabla ya kuzima kamera.

Mkalimani wetu. Ni nani mwingine?

Barua ile sikumsomea mtu. Niliitia jikoni chini ya sufuria ya maharage ya mama mdogo mwenyewe.

Maana hivi ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile. Asubuhi, kabla ya kurekodi, mwongozaji na watu wake walikuwa wamesalimiwa na wazee wa kanisa, makofi marefu, habari za safari, za Dar, za wake, za watoto. Mwongozaji akaninong'oneza, "Mwalimu, huku kwenu mnasalimiana mpaka ugali unapoa." Na mimi nikacheka. Nilicheka naye! Mimi niliyesoma chuo, niliyevaa viatu vya kufunika siku ile kwa ajili yao, sikutaka nionekane wa kuja. Basi mchana, mama mdogo alipomaliza ubeti wa tatu na makofi yakaanza, mpiga picha akaniinamia. Akauliza, "Ndiyo mwisho? Kuna kuimba tena?" Niliona uchovu wake, niliona mwongozaji anatazama saa, nikawaona mama zangu wawili wameinama na viganja vyao kama watu wa kijijini kabisa, na nikaona aibu.

Nikasema, "Ni makofi tu."

Akazima. Taa nyekundu ya kamera ikafa, niliiona kwa macho yangu. Mama mdogo akaimba ubeti wa nne wote, kilima, ng'ombe, kovu, jina, anaitazama kamera badala ya safu za watu, mara ya kwanza na ya mwisho. Aliiimbia kamera iliyozimwa. Na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine.

Kwa hiyo ninapowatukana wale watu, mjue ninamtukana nani kwanza.

Miaka ikapita, amani ikatangazwa upande wa pili, watu wakaanza kurudi. Mama mdogo akasema anarudi, pengine mtoto alisharudishwa kabla yake. Tulimsindikiza bandarini asubuhi, mimi na mama. Alikuwa na mkeka, sufuria, na kile kitenge cha jukwaani. Palikuwa na foleni ndefu, mtu wa orodha anaita majina. Mama mdogo aliweka mzigo chini, akainama, akamwanzia mama makofi ya kuaga. Wakaagana kwa kirefu, wakaambiana yote, wala hawakujali kwamba foleni inasogea. Kisha akanigeukia mimi. Akakunja viganja.

Nilitaka kumshika mkono tu, nimwambie safari njema. Lakini mikono yangu ilishaitikia, na nimeshawaambia: ukishaanza kupiga huruhusiwi kuficha. Aliniuliza, una habari gani, mwalimu? Nikamwambia. Kamera, swali, aibu yangu, ni makofi tu, taa nyekundu. Niliyasema yote kwa Kiha, haraka haraka, mikono inapiga, machozi yananitoka puani.

Viganja vyake vikasimama.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Aliokota mkeka akauweka kichwani, akaurekebisha mpaka ukakaa sawa, akachukua sufuria. Mtu wa orodha alishaita jina lake mara ya pili.

"Wale watu walikaa siku nne zaidi," akasema. "Ungeniambia jioni ile, ningerudia."

Akaenda kupanda boti.